Januari 24, 1892: Jumapili ya vita Mengo iliyoiingiza Mogogosiek ndani ya Uganda

Tarehe 24 Januari haina sherehe wala likizo. Kwa wengi wetu ni katikati ya Njaanuari: karo imelipwa nusu, mwenye nyumba anapiga simu kila asubuhi, na kama kwenu ni Mogogosiek, bonasi ya chai iliyoingia Oktoba imebaki hadithi tu. Ukiulizwa tarehe hiyo ina nini katika historia, utasema haina kitu. Tarehe tulizokariri shuleni ni Juni 1, Oktoba 20 na Desemba 12. Hii nyingine, hata mwalimu wa historia akiigusa, anaipita mbio akielekea Mkataba wa Buganda wa 1900.

Basi tusimame hapo kidogo.

Mwaka 1892 tarehe hiyo iliangukia Jumapili. Siku hiyo, kilomita 300 na ushee magharibi ya Mogogosiek ukipima kwa mstari ulionyooka, watu wa ufalme mmoja wanaozungumza lugha moja walipigana risasi katikati ya vilima vinne. Kabla mambo hayajatulia, mfalme wao alikuwa ametoroka akavuka maji hadi kisiwani. Miaka miwili baadaye Uingereza ikatangaza ulinzi wake juu ya Uganda, na ramani ilipokuja kupanuliwa, Kericho, Litein, Bomet na Mogogosiek zikajikuta ndani. Ndiyo, ndani ya Uganda. Mpaka 1902.

Kama umewahi kusoma Kampala, au umepanda basi la usiku kwenda kumwona mtu huko, vilima vyenyewe unavijua. Rubaga ni kule kwenye kanisa kuu la Wakatoliki. Namirembe ni kule kwenye kanisa kuu la Waanglikana. Mengo ndipo palipo ikulu ya Kabaka. Na cha nne ni kile wanachokiita Old Kampala, chenye ule msikiti mkubwa unaoonekana ukiwa mbali. Kutoka kimoja hadi kingine ni mwendo wa boda wa dakika chache, foleni ikikuhurumia. Umbali huo ndio uliokuwa uwanja wa vita.

Vita vyenyewe havikuanza Jumapili hiyo. Vilikuwa vimeendelea, kwa kusimama na kuanza tena, tangu 1888, na ukivitazama vizuri vilikuwa vita vya vijana. Uislamu ndio uliotangulia kufika ikulu ya Buganda, ukiletwa na wafanyabiashara kutoka Zanzibar, na Kiswahili kikaja nao. Mwaka 1877 wakaja wamisionari Waanglikana wa CMS. Mwaka 1879 wakaja mapadri Wafaransa wa White Fathers. Kabaka Mutesa alikuwa mjanja, akawaweka wote karibu na kumpima kila mmoja kwa mwenzake. Waliovutiwa zaidi na dini hizi walikuwa wavulana waliohudumu ikulu, vijana waliotumwa na koo zao wakajifunze uongozi. Kuingia dini kuliitwa kusoma, na waumini wakaitwa basomi, yaani wasomaji. Ulikuwa kama usajili wa chuo: ukichagua mwalimu, umechagua pia marafiki, chama, na mtu wa kukutetea mahakamani.

Mutesa akafa 1884. Mwanawe Mwanga akakalia kiti kabla hajafika miaka 20. Wakristo aliowaua, wale wa Namugongo wa Juni 3, 1886, unawajua, maana kila mwaka kuna Wakenya wanaotembea kwa miguu kwenda kuwakumbuka. Jambo ambalo halisemwi sana ni kilichofuata. Septemba 1888 basomi wa dini zote tatu waliungana wakampindua. Umoja wao ulidumu kama mwezi mmoja tu. Oktoba hiyo hiyo Waislamu wakawafukuza Wakristo, wakamtaka Kabaka aliyewekwa baada ya mapinduzi atahiriwe, akakataa, wakaweka mwingine. Wakristo wakakimbilia Ankole, wakapata bunduki, na kufikia 1890 walikuwa wamemrudisha Mwanga Mengo. Ndiyo, Mwanga yule yule! Aliyewachoma moto wenzao sasa ndiye mfalme wao.

Waislamu walipotoka, Wakristo wakabaki kutazamana. Makundi yao yakaitwa Bafalansa na Bangereza, Wafaransa na Waingereza, ilhali wote walikuwa Waganda watupu. Kila cheo, kila shamba lililoambatana na cheo, kilihesabiwa ni cha upande gani. Mtu akibadili dini, je, anaondoka na cheo chake au anakiacha? Swali hilo peke yake lilitosha kuwatoa watu mapanga. Usidhani waligombania Utatu Mtakatifu. Waligombania ardhi na kazi.

Katikati ya moto huo akaingia kapteni mmoja Mwingereza, Frederick Lugard. Alifika Desemba 1890, na hakuwa amekuja kama mtumishi wa serikali. Alikuwa mwajiriwa wa kampuni, IBEA, iliyopewa kibali na malkia kufanya biashara huku kwetu. Akapiga kambi Old Kampala, akajenga ngome, na ndani ya wiki moja na kitu akamfanya Mwanga atie sahihi mkataba. Shida ni kwamba kampuni haikuwa na pesa. Ilikuwa inaelekea kufilisika, ikamwamuru afunge virago. Waumini Waanglikana kule Uingereza ndio waliochangishana, harambee ya kweli kabisa, ili kampuni ikae mwaka mmoja zaidi na wenzao wa Mengo wasiachwe. Kwa hiyo unapomwona Lugard Januari 1892, mwone hivyo: mtu ambaye mshahara wake na ngome yake vimeokolewa na mchango wa kanisa la upande mmoja.

Kisha likatokea jambo la kijinga, kama mambo makubwa yanavyoanza. Tarehe 22 Januari, Ijumaa, siku ambayo Lugard alitimiza miaka 34, Mkatoliki mmoja alimpiga risasi Mprotestanti katika ugomvi uliohusu bunduki. Kesi ikapelekwa kwa Kabaka. Mwanga akaamua kwamba aliyeua hana hatia, kwani aliyeuawa ndiye aliyemvamia mwenzake kwake. Kwa sheria ya Buganda hiyo ilikuwa hukumu, na Kabaka ndiye mwenye hukumu. Lugard akataka muuaji anyongwe. Akamtuma mkalimani wake Dualla, Msomali aliyezunguka sana na misafara ya Wazungu, apeleke ujumbe huo ikulu. Mwanga akakataa.

Hapa ndipo mimi huona kwamba Lugard alikuwa ameshachagua. Angeweza kulalamika, angeweza kungoja. Badala yake alifungua ghala na kugawa mamia ya bunduki kwa Waprotestanti. Maelezo yake ni kwamba upande huo ulikuwa na watu wachache na ungemalizwa. Huenda. Lakini mwamuzi akimpa mchezaji mmoja panga, usitarajie mechi iendelee.

Jumapili ikafika. Wakatoliki walikuwa wamejipanga kuanzia Rubaga na Mengo, wakiwa wengi zaidi, na Kabaka akiwa upande wao. Waprotestanti walikuwa Namirembe na kwenye miteremko ya chini ya ngome, wakiongozwa na Apolo Kagwa, Katikiro, kijana asiyefika 30. Ndani ya ngome walikuwemo askari Wasudani, wapagazi na askari Waswahili kutoka pwani, Wazungu wachache, na bunduki mbili za Maxim. Moja ilikuwa imechakaa kwa safari nyingi. Maxim, kwa asiyeijua, ni bunduki inayojilisha risasi yenyewe na kufyatua mfululizo, wakati bunduki nyingi zilizokuwa bondeni zilikuwa zile za kushindilia baruti kwa mdomo, risasi moja, kisha unaanza kuhangaika upya.

Nani alifyatua kwanza? Ukisoma alichoandika Lugard, ni Wakatoliki. Ukisoma barua za Askofu Hirth, mkuu wa mapadri Wafaransa, ni Waprotestanti. Wanakubaliana tu juu ya yaliyofuata. Wakatoliki walisonga mbele kwa ujasiri, Maxim ikafungua mdomo kutoka kilimani, wakasita. Kapteni Williams, msaidizi wa Lugard, akatoka ngomeni na kikosi, na safu ya Wakatoliki ikavunjika. Waprotestanti wakapanda Rubaga. Kanisa la mapadri likachomwa moto, na nyumba nyingi zilizolizunguka zikateketea. Mwanga akakimbilia ziwani, akavuka hadi kisiwa cha Bulingugwe. Mapadri wenyewe walipata hifadhi, hebu fikiria, kwenye ngome ya Lugard, mtu ambaye bunduki zake ndizo zilizowafukuza kilimani kwao.

Siku sita baadaye, Januari 30, Williams alikishambulia kisiwa. Watu wengi walikufa siku hiyo, wakiwemo wanawake na watoto waliokuwa wanang'ang'ania mitumbwi. Ukisikia vita vya Mengo vikisimuliwa kama ushindi wa haraka wa siku moja, kumbuka Bulingugwe, ambayo mara nyingi hubaki nje ya hadithi. Mwanga alitoroka tena, akazunguka hadi eneo la Wajerumani, na Machi akarudi Mengo akiwa ameishiwa na ujanja. Aprili nchi ikagawanywa upya: Wakatoliki wakapewa Buddu, Waislamu wakatengewa wilaya tatu ndogo, Waprotestanti wakabaki na sehemu kubwa. Maelfu wakahama kwa sababu ya dini yao. Ukiwahi kujiuliza kwa nini siasa ya Uganda ya miaka ya uhuru, DP na UPC, ilinuka kanisa kanisa, mizizi yake mingi iko kwenye mgawanyo ule.

Sasa angalia kitu kimoja. Jumapili hii tunaifuata karibu saa kwa saa kwa sababu waliokuwepo walikuwa na kalamu. Lugard aliandika kila siku, na 1893 akatoa kitabu cha majalada mawili, kwa sehemu kubwa kikiwa cha kujitetea. Hirth aliandika barua zilizosababisha kelele Ufaransa. Kagwa mwenyewe baadaye akawa mwandishi wa historia ya wafalme wa Buganda. Kila upande ulikuwa na shahidi wake.

Huku kwetu, karibu na miaka hiyo hiyo, kulikuwa na vita vingine vikubwa. Jeshi la Wakipsigis lilikwenda Mogori, likakutana na Wakisii na majirani zao, na likapigwa vibaya sana. Jina la Menya arap Kisiara, kiongozi wa vita wa zama zile, bado linatajwa. Lakini ilikuwa tarehe ngapi? Jumapili au Jumanne? Asubuhi au jioni? Wakipsigis hawakuhesabu hivyo. Walihesabu kwa ipinda, rika la waliotahiriwa pamoja, na ukimuuliza kogo wako anaweza kukuambia jambo lilitokea wakati rika gani lilikuwa la wapiganaji. Ni kalenda kamili, ila haikupi Januari 24. Kwa hiyo Mogori, iliyozipokonya familia za Mogogosiek vijana wao, haipo kwenye orodha za "siku kama ya leo", na Mengo ipo.

Na bado Mengo ndiyo iliyokuja kubisha hodi Mogogosiek. Ilikujaje?

Kelele za Ufaransa zilipozidi, serikali ya Uingereza ilitaka uchunguzi. Ilimpa kazi hiyo Kapteni J. R. L. Macdonald, ambaye alikuwa huku tayari kwa shughuli nyingine kabisa: alikuwa anapima njia ya reli kutoka Mombasa hadi ziwani. Mtu mmoja, vitabu viwili mkononi, kimoja cha vipimo vya reli na kingine cha makosa ya Lugard. Ripoti yake ilimlaumu Lugard. Miaka baadaye, 1898, Uingereza iliwalipa mapadri pauni 10,000 za fidia. Lugard hakupoteza kitu. Alienda Nigeria na akaishia kuwa gavana mkuu wake.

Kampuni ilijiondoa. Lakini baada ya damu ile yote, London isingeweza kuiacha Uganda bila aibu. Aprili 1, 1893 bendera ya kampuni ilishushwa na ya Uingereza ikapandishwa. Juni 1894 ulinzi ukatangazwa rasmi. Ukishakuwa na nchi ng'ambo ya pili, unahitaji njia ya kuifikia, na hiyo ndiyo ile reli. Ilianza Mombasa 1896, ikafika Kisumu Desemba 1901, kwa gharama ya zaidi ya pauni milioni 5. Iliitwa Reli ya Uganda, ingawa haikukanyaga Uganda unayoijua wewe. Kwa ramani ya wakati ule haikuwa uongo: Kisumu ilikuwa Uganda. Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulifika hadi Bonde la Ufa, ukipita Naivasha. Aprili 1, 1902 mkoa huo ulihamishiwa upande huu kwa kalamu, na hakuna mtu wa Mogogosiek aliyeulizwa, kama ambavyo hakuna aliyeulizwa ulipowekwa upande ule.

Ukitaka ushahidi usiohitaji maktaba, panda gari kwenda Fort Ternan, upande wa Kipkelion. Ternan ni nani? Trevor Ternan alikuwa afisa wa Uingereza nchini Uganda, na mwaka 1897, Mwanga alipowageuka Waingereza na kuinua silaha kule Buddu, Ternan ndiye aliyeongoza jeshi lililomshinda. Mwanga alikamatwa 1899 pamoja na Kabalega wa Bunyoro, akapelekwa Ushelisheli, akafia huko 1903. Jina la aliyemshinda liko kwenye stesheni ya reli katika kaunti ya Kericho, na wengi wetu tumelipita mara mia tukila mahindi ya kuchoma.

Reli iliyogharimu pesa zote hizo ilibidi ijilipe. Jibu la watawala lilikuwa walowezi: mpe Mzungu ardhi, alime, mazao yake yabebwe na treni. Kericho ikapata kituo cha serikali 1902. Mwaka 1905 jeshi likaingia Sotik na Maxim zake, bunduki ya aina ile ile iliyosikika Mengo. Ardhi ikakatwa vipande. Katikati ya miaka ya 1920 makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yakaja na chai. Na 1934 ikatungwa sheria mahususi ya kuwaondoa Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho, wakahamishiwa Gwassi, karibu na ziwa, mbali na watu wao. Jambo hilo halijaisha. Septemba 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliikosoa Uingereza juu ya waliyotendewa Wakipsigis na Talai, na 2022 kesi ikapelekwa Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mashamba madogo ya Mogogosiek, yanayopeleka majani kiwandani kwake chini ya KTDA, yamekuwa hivyo madogo kwa sababu za zamani sana.

Siwezi kukuambia kwamba bila Jumapili ile Waingereza wasingekuja. Labda wangekuja na Wajerumani wakawatangulia. Huko ni kubahatisha. Ninachoweza kukuonyesha ni njia yenyewe: kutoka bunduki iliyogombaniwa, hadi ngome, hadi kitabu cha mpimaji reli, hadi Kipkelion.

Wale Wasudani waliokuwa ngomeni nao wana hadithi yao. Lugard aliwatoa kwenye mabaki ya jeshi la Emin Pasha karibu na Ziwa Albert. Wenzao na wana wao waliingia KAR, na baadhi walipewa mahali pa kuishi nje kidogo ya Nairobi, kwenye msitu walioupa jina Kibra. Kama unaishi pale, au una rafiki Mnubi, una mtu wa kumuuliza upande wa hadithi ambao Lugard hakuuandika.

Januari 24 ya mwaka 2027 itaangukia Jumapili tena. Ukiwa Kampala siku hiyo, panda mnara wa msikiti wa Old Kampala, ngazi zake ni zaidi ya 300, kwa hiyo kunywa maji kwanza. Ngome ya Lugard ilikuwa kwenye kilima hicho hicho. Kutoka juu utaziona Rubaga, Namirembe na Mengo zote tatu bila kutembea hatua, na kama upepo ni mzuri, ngoma na kengele za ibada zitakufikia zikiwa zimechanganyika.